Muulize Mwalimu

Fundi alianza kuzungumza na cherehani yake mwaka ule mumewe alipoacha kuzungumza naye. Wala hakuona haya. "Haya bibie, leo usinikatie uzi, tuna magauni ya watu," aliiambia asubuhi akiipangusa vumbi, na uzi ukikatika aliigombeza kama mtu anavyomgombeza shoga yake. Cherehani angalau ilijibu, kwa mlio wake. Mumewe alikaa pale pale sebuleni, kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, viganja juu ya magoti, akiutazama ukuta.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha historia sekondari tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa kusoma kitabu mbele ya darasa na kwenda zake. Aliingia kama mtu aliyetoka vitani dakika hiyo hiyo, vumbi la chaki kifuani, wanafunzi wakasahau hata kengele. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mkewe akiandaa meza, atasikia habari za fulani aliyemtilia fulani sumu kwenye kikombe, naye atamwambia, "Mume wangu, hao wafalme wako wangetusaidia hata kulipa umeme." Watacheka wote wawili, kisha yeye ataendelea kutafuna na Mwalimu ataendelea kuitawala dunia.

Ugonjwa ulimnyemelea. Kwanza alisahau miwani, na nani hasahau miwani? Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka dukani, akaletwa na watu. Kisha, asubuhi moja, mkewe akimfunga vifungo vya shati, alimtazama usoni kwa adabu kubwa, akasema, "Asante sana dada. Mungu akuzidishie. Mwenye nyumba amekwenda wapi?"

Fundi alijikaza kisabuni. "Anakuja," alisema, akakifunga kifungo cha mwisho. Halafu akaenda uani, akafungulia bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele, akalia hapo akiwa amesimama.

Daktari aliupa ugonjwa huo jina, akasema hauna tiba, akamshauri asimwache peke yake. Ushauri huo ulikuwa rahisi kuufuata, maana Mwalimu hakuwa na matata. Hakupiga kelele, hakutoroka, hakukataa kuoga. Aliishi ndani ya nyumba yake kama mgeni anayesubiri gari. Alishukuru kwa kila sahani, akaomba ruhusa kabla ya kwenda msalani, na kati ya shukrani na ruhusa hakusema neno. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Angepewa hata tusi moja angelipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mtu hamtukani asiyemjua namna ile ile anavyomtukana mkewe.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeolewa mji wa mbali. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza, "Baba anaendeleaje?" na mama yake akajibu, "Yupo." Jibu hilo halikuwa uongo.

Basi siku moja akaja muuguzi. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke mcheshi asiyeweza kunyamaza hata akichomwa pini. Alikuwa amesimama juu ya stuli, Fundi amepiga magoti akimpimia pindo la sare yake, pini zimejaa mdomoni.

"Fundi, hizi nguo nyeupe zitaniua," alisema muuguzi. "Nafua mpaka vidole vinakunjamana. Hivi watu wa kale, kabla ya sabuni za dukani, walikuwa wanafulia nini?"

"Mmm," alisema Fundi kwa sababu ya pini.

"Mkojo," ilisema sauti kutoka dirishani.

Muuguzi nusura aanguke. Mwalimu alikuwa amegeuka, amekaa wima, macho yamewaka.

"Warumi walifulia mkojo," aliendelea. "Madobi waliweka vyungu kando ya njia, wapita njia wakajisaidia humo. Mkojo ukaachwa ukae mpaka uwe mkali, nguo zikatiwa ndani, zikakanyagwa kwa miguu. Ndani yake mna amonia, na amonia inang'oa mafuta na uchafu. Ilikuwa biashara nzuri kiasi kwamba mtawala mmoja aliitoza kodi." Alitazama huku na huku kama anayehesabu mikono iliyonyooshwa. "Swali jingine?"

Sauti ilikuwa ile ile, nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha kwenye koo. Fundi alitema pini zote kiganjani. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu msimu mwingine kabisa.

"Mume wangu," alisema.

Mwalimu alimtazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtu aliyeingia darasani bila kubisha hodi. Taa ikazimika usoni mwake. Akarudi kwenye ukuta.

Muuguzi alipoondoka, Fundi alijaribu kila mlango. Alimuuliza kama amesikia njaa, akanyamaziwa. Alimuuliza kama anamkumbuka binti yao, akashukuriwa. Ndipo akaelewa kwamba ufunguo ni mmoja, na yeye, aliyelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote ile, hajui historia hata ya kuombea maji. Akafikiri. Mbele yake palikuwa na koti la mteja, na kwenye mkono wa koti vifungo vilivyokaa safu.

"Mwalimu," alisema, na neno hilo lilimkwama, kwa maana hakuwahi kumwita hivyo. "Hivi kwa nini koti la mwanamume linashonwa vifungo mkononi, na havifungi kitu?"

"Swali zuri!" Mwalimu alisugua viganja. "Kuna hadithi kwamba jemadari mmoja alichoka kuona askari wake wanafuta kamasi kwa mikono ya makoti, akaamuru vishonwe vifungo pale ili viwakwaruze pua. Hadithi tamu hiyo. Lakini ushahidi?" Aliinua kidole. "Hakuna. Wengi wanaitaja, kila mmoja na jemadari wake. Mtu akikupa hadithi tamu, dada, mdai ushahidi."

Fundi alikuwa ameshona vifungo hivyo maisha yake yote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mwalimu akacheka pia kwa kumwona anacheka. Kwa muda mfupi nyumba ikawa nyumba. Kisha akakumbuka kwamba ameitwa dada.

Toka hapo akawa anasaka maswali kama mtu anavyosaka kuni. Aliyoyajua yakamwishia upesi. Akaanza kuwaambia wateja, "Ukija kuchukua suruali yako, njoo na swali la mambo ya kale. Lolote, hata la kipuuzi." Watu hupenda kuombwa kitu kisichowagharimu. Wakaja nayo.

Muuza nyama wa kona, jitu kubwa lenye sauti ya kike, alileta la kwake huku amevua kofia. "Mwalimu, mimi hili linaninyima raha. Vita ya Kwanza ya Dunia, wakati inapiganwa walikuwa wanaiitaje? Maana hawakujua kama itakuja ya pili."

"Waliiita Vita Kuu," alisema Mwalimu. "Na wengine waliiita vita ya kumaliza vita zote."

"Masikini," alisema muuza nyama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kana kwamba wahusika ni majirani zake.

Mwingine akauliza kama ni kweli serikali iliwahi kupeleka jeshi likapigane na ndege. Ni kweli, alisema Mwalimu, huko Australia, ndege wakubwa mfano wa mbuni walikuwa wanamaliza ngano ya wakulima, wakaletwa askari na bunduki za rashasha. "Ndege wakatawanyika, askari wakapoteza risasi, wakarudi kambini. Sasa niambieni, nani alishinda?" Chumba kizima kikapiga kelele, "Ndege!" Mwalimu akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Sebule ikajaa. Waliokuja kupunguziwa kiuno walikaa mpaka jua likageuka. Watu waliingia, wakampita Fundi kwenye cherehani yake, wakasema, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia kwa furaha, "Marahaba, keti." Binti yao alipopiga simu Jumapili alisikia vicheko nyuma.

"Mama, kuna sherehe?"

"Baba yako anafundisha."

"Kumbe anaongea! Mama, mshukuru Mungu jamani. Mbona sauti yako haina furaha?"

"Nina furaha, mwanangu. Anaongea na watu wote."

Binti hakusikia lililokuwa chini ya maneno hayo, na Fundi hakulifunua. Angemwelezaje? Kwamba upweke wa nyumba tupu ameshauzoea, lakini huu mpya, wa kushona pembeni huku mumewe akiwachangamkia wapita njia, hajui auweke wapi? Wageni wakienda alikusanya vikombe, na mtu yule yule aliyekuwa akinguruma kama redio alimwambia kwa unyenyekevu, "Asante dada. Pole na kazi." Mara nyingine alisimama na vikombe vyake mkononi akingoja labda kuna neno jingine. Halikuwepo.

Muuguzi ndiye aliyeleta swali la siku kumi. Alikuwa amelisikia kazini: eti kuna watu walilala usiku mmoja, wakaamka siku kumi zimepita?

"Naam," alisema Mwalimu. "Mwaka 1582. Kalenda ya zamani ilikuwa imeachana na jua, Papa akaamuru irekebishwe. Kwenye nchi zilizomfuata, watu walilala tarehe nne Oktoba, wakaamka tarehe kumi na tano."

Fundi alisimamisha cherehani. "Na zile siku za katikati, Mwalimu, zilikwenda wapi?"

"Hazikwenda popote, dada. Hazikuwepo."

"Na kama mtu alikuwa na jambo lake siku hizo? Harusi, tuseme."

Wateja wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu, kwa upole, jinsi alivyokuwa akiwatabasamia wanafunzi wazito. "Basi harusi hiyo haikufungwa," alisema.

Siku iliyofuata, kabla ya wateja kufika, Fundi alivuta stuli akakaa mbele yake, karibu, magoti yakigusana. Alikuwa ameshalipanga swali tangu alipokuwa akipika uji.

"Mwalimu, mwaka 1989 kulitokea nini?"

"Aa! Mwaka mkubwa huo." Akamweleza Ukuta wa Berlini, jinsi watu walivyoupanda na nyundo na patasi, jinsi ndugu waliotenganishwa walivyokumbatiana wakilia. Alieleza vizuri sana. Fundi aliitazama midomo ile ikienda.

"Na kingine?"

Akamtajia mengine, serikali zilizoanguka moja baada ya nyingine.

"Na hapa, Mwalimu? Hapa hapa mtaani. Kulikuwa na mwalimu kijana alileta suruali imepasuka, akamwambia fundi ashone haraka kwa kuwa ana kipindi, akangoja nyuma ya pazia na miguu mitupu akimhadithia habari za vita. Mwisho wa mwaka wakaoana."

Mwalimu alifikiri kwa bidii. Hakuwa akimpuuza, alitafuta kweli kweli, paji la uso limekunjamana. Mwisho akatikisa kichwa.

"Samahani dada. Mambo ya hapa hayakuandikwa popote."

Fundi aliinuka, akairudisha stuli mahali pake, akawasha pasi. Mteja wa kwanza alipoingia alimkuta anapiga pasi nguo ambayo ilikwisha kunyooka.

Darasa lile halikudumu. Siku lilipovunjika walikuwepo watu kadhaa, na kijana mmoja aliyekuwa anajiandaa kuoa, amekuja kujaribu suti. Swali lilikuwa la muuza nyama: ni kweli Ukuta wa China ulijengwa kwa mchele?

"Si mchele mtupu," alisema Mwalimu. "Sehemu zake walichanganya uji wa mchele wa kunata na chokaa, ikawa saruji inayoshika kuliko meno. Ukajengwa juu ya milima, mrefu, mrefu… na watu wa huku wasiweze kuwaona wa kule. Ndugu na ndugu. Mpaka usiku ule walipokuja na nyundo. Wakaupanda. Vijana wakakaa juu yake wakinywa bia, na wa mashariki wakawakumbatia wa magharibi…"

Bwana harusi alikuwa na simu mkononi. Hakuwa na ubaya, ni kijana tu. "Mwalimu," alisema, "huo si wa Berlini? Simu inasema huu wa China bado upo."

"Hiyo simu yako imesoma shule gani?" alisema Mwalimu, na watu wakacheka, naye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha hakuendelea. Aliufungua mdomo, akaufumba. Akaitazama mikono yake mmoja baada ya mwingine. "Ukuta…" alisema. "Walikuwa wanaujenga, au…? Nilikuwa nasema nini? Nani alikuwa anauliza?" Aliwatazama usoni mmoja mmoja, na hofu ikampanda, hofu ya mtu aliyeingia darasani akakuta amesahau somo. Machozi yakaanza kumtiririka bila sauti.

Muuza nyama akavaa kofia yake. Kijana akaomba radhi mara nyingi, mpaka Fundi akamwambia, "Basi mwanangu, hukukosea kitu. Vua koti, njoo Alhamisi." Wakatoka mmoja mmoja wakinyata kama watu wanaotoka msibani. Fundi alimfuta mumewe uso kwa kitambaa cha bitana kilichokuwa karibu.

"Wamekwenda?" aliuliza Mwalimu.

"Wamekwenda."

"Nilifundisha vibaya."

"Ulifundisha vizuri."

Hakujibu tena, siku ile wala zilizofuata. Muuguzi alikuja na maswali matatu, akaondoka nayo. Fundi aliuliza la Warumi, akauliza la ndege, la vifungo. Mwalimu alitazama ukuta. Wateja wakarudia desturi ya kuchukua nguo zao mlangoni na kusema wana haraka. Fundi akarudi kuzungumza na cherehani, lakini sasa hata ile haikumpendeza; ilijibu neno moja tu kila siku.

Ilikuja mvua ya mchana, ile inayonyesha bila hasira lakini haina mpango wa kuacha. Hakuna mteja angetoka. Fundi alikuwa anapachika kola, na ukimya ukamwelemea mpaka akahisi akikaa hivyo dakika nyingine atapiga ukunga. Kwa hiyo akaongea. Hakuuliza kitu. Alianza tu, macho kwenye sindano, kwa sauti ya mtu asiyemtegemea msikilizaji.

"Hapo zamani si nyingi, palikuwa na fundi wa nguo alikodi chumba kimoja, mvua ikinyesha anasogeza cherehani mara nne. Akaja mwalimu mmoja, mwembamba, kakonda kwa kusoma…"

Alieleza habari ya suruali. Alieleza jinsi mwalimu alivyoanza kuleta nguo zisizopasuka, akizipasua mwenyewe njiani, mpaka fundi akamwambia aache kuharibu nguo aseme anachotaka. Alieleza walivyohamia nyumba hii ikiwa haina madirisha, wakaziba kwa vipande vya vitambaa. Habari hizo hakuwa amemweleza mtu, kwa sababu mtu pekee wa kuelezwa alikuwepo zilipotokea. Mashahidi walikuwa wawili. Sasa amebaki mmoja, na yeye akienda, itakuwa kama zile siku za Oktoba.

"Walipata watoto?"

Sindano ilimchoma. Mwalimu alikuwa amegeuza kiti kidogo. Macho yake hayakuwaka kama zamani, ila yalikuwa juu yake, yanasubiri, kama ya mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Mmoja," alisema Fundi polepole. "Wa kike. Kichwa kigumu kama baba yake."

"Na huyo mwalimu alikufa lini?"

"Hakufa," alisema. "Yupo."

"Basi hiyo si historia bado," alisema Mwalimu kwa makini. "Hiyo ni habari tu." Akafikiri. "Endelea lakini."

Akaendelea. Aliposimulia mumewe alivyoungua mkono akijaribu kupiga pasi ili kumsaidia, Mwalimu alicheka akasema huyo bwana alikuwa mjinga. Fundi akakubali. Mvua ilipokatika Mwalimu alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, na kesho yake hakukumbuka lolote. Alishukuru kwa uji, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akamwita dada. Fundi akasubiri mchana utulie, akaanza upya kutoka kwenye chumba kinachovuja.

Ndivyo walivyokwenda. Siku nyingine aliuliza, siku nyingine alikuwa ukuta mtupu na Fundi akasimulia hivyo hivyo, maana ameshagundua kwamba anasimulia kwa ajili yake mwenyewe pia. Alijifunza kutoongeza chumvi. Alijifunza wapi pa kupita haraka. Binti alipouliza kwenye simu, "Baba anaendeleaje?" alijibu, "Ananiuliza-uliza," na binti akasema hiyo ni nzuri, na Fundi akasema ndiyo, si mbaya. Bado alilala kwenye chumba cha pili, kwa kuwa Mwalimu aliona aibu kulala na mwanamke asiye mkewe. Bado alikula mkono mmoja ukishika kijiko cha mgonjwa.

Kisha mchana mmoja, katikati ya habari ambayo Mwalimu alikuwa ameisikia mara nyingi kama mpya, alimkatiza.

"Huyo fundi," alisema, "bado anaimba akishona?"

Fundi alibaki na mkasi hewani. Alizipitia haraka hadithi zake zote. Hakuwa amelitaja. Aliona ni jambo dogo mno. Na tena tangu ugonjwa uingie nyumbani, hakuwa ameimba hata ubeti.

"Nani kakwambia anaimba?"

Mwalimu alimtazama muda mrefu. Kulikuwa na kitu usoni mwake, au hakikuwepo; mwanga wa dirishani ulikuwa nyuma yake.

"Mafundi wote wanaimba," alisema, akafumba macho, akaegemeza kichwa kitini kama mtu anayesubiri.

Fundi aliweka mkasi chini. Aliiweka nguo chini ya sindano, akakanyaga cherehani taratibu, akautafuta wimbo wowote ule. Mstari wa kwanza haukumjia upesi. Aliendelea kukanyaga.